Darasa Lililozimwa Sauti

Kila Jumanne na Ijumaa asubuhi, vyombo vya chai vikishaoshwa, mzee mmoja aliyestaafu udereva wa malori alivua viatu, akapanda kitanda kilichowekwa sebuleni, akajilaza chali na kupooza upande wa kulia. Hakuwa mgonjwa hata kidogo. Alikula vizuri, akalala vizuri, na bado alikuwa na sauti ya kuitia watu ng'ambo ya barabara. Ila mke wake alihitaji mgonjwa wa kufundishia, na mgonjwa anayekuja kwa wakati bila kunung'unika haokotwi njiani.

"Leo nimepooza kiasi gani?" aliuliza huku akinyoosha shingo juu ya mto.

"Kama juzi. Na tafadhali usicheke."

"Kwani wagonjwa hawacheki?"

"Wanacheka. Lakini wewe ukicheka tumbo linarukaruka, na wanafunzi wangu watadhani hilo nalo ni sehemu ya somo."

Akamfunga kitambaa chekundu kwenye kifundo cha mkono wa kulia, akarudi nyuma hatua chache kumtazama, kisha akaenda kuiwasha simu. Simu hiyo ilisimama ndani ya kopo la maziwa ya unga lililojazwa mchanga, na kopo lenyewe lilikuwa juu ya meza ya kupigia pasi. Kitanda kilikuwa kimevutwa kutoka ukutani ili mwalimu apite nyuma yake na kuielekea kamera. Sebule nzima ilikuwa imejipanga kwa ajili ya jicho lile dogo la simu: makochi yamerundikwa pembeni, pazia limefungwa nusu, na kabati la vyombo limegeuzwa ili vioo vyake visirudishe mwanga.

Mke huyo alijulikana kwa jina la Sista, kama wauguzi wanavyoitwa, na hata mumewe alimwita hivyo tangu siku za uchumba. Maisha yake yote ya kazi aliyatumia katika wodi ya watu waliopatwa na kiharusi. Huko alipata sifa ya kufundisha wauguzi wachanga bila kupaza sauti. Alikuwa akifundisha kwa mikono. Alisimama nyuma ya mwanafunzi, akaweka viganja vyake juu ya viganja vya mwanafunzi, wakamgeuza mgonjwa pamoja, hata yule mwanafunzi akausikia uzito wa mwili unapohama kutoka nyonga hii kwenda nyonga ile. Maneno yalikuja baadaye, tena machache. Kwa hiyo shirika dogo linalosaidia wagonjwa wa majumbani lilipomwomba afundishe kwa njia ya mtandao, jibu lake la kwanza lilikuwa ni kukataa.

"Nitawashika vipi mikono kupitia kioo?" alimuuliza mratibu wa shirika, kijana mpole aliyekuwa na subira ya kuwaeleza wazee mambo ya simu.

"Hutawashika, Sista. Lakini fikiria ni akina nani. Hawa ni watu wanaouguza ndugu zao nyumbani. Hawawezi kuondoka kitandani kwa mgonjwa kuja darasani. Darasa lisipowafuata, basi hawana darasa."

Hoja hiyo ilimshinda. Alipewa mafunzo mafupi ya kuendesha darasa la mtandaoni, na kwa kuwa alikuwa mtu wa kufuata utaratibu, aliyashika yote kwa bidii. Alijifunza kuingia mapema kabla ya wanafunzi. Alijifunza kukaa mahali ambapo mwanga unampiga usoni na si mgongoni. Zaidi ya yote alijifunza kuzima vipaza sauti vya wote mara tu somo linapoanza, maana mratibu alisisitiza kwamba mtoto wa mtu mmoja akilia, au redio ya jirani ikinguruma, darasa zima huvurugika. Mwanafunzi akiwa ameelewa, abonyeze alama ya dole gumba, nayo itaonekana kwenye kioo cha mwalimu. Jambo hilo lilimpendeza. Wodi yake nayo ilikuwa tulivu.

Wanafunzi walikuwa wachache, na Sista aliwajua kwa yale waliyomwambia wakati wa kujiandikisha. Kulikuwa na mzee aliyefanya kazi posta mpaka alipostaafu, anayemuuguza mke wake. Wote walimwita Mzee wa Posta. Kulikuwa na mama mmoja kijana aliyemtunza baba wa mumewe, naye aliitwa Mkamwana. Na kulikuwa na Seremala, mwanamume wa makamo asiye na mke, aliyekuwa na karakana uani kwake na mama yake mzazi chumbani, kiharusi kimemwacha bila usemi. Nyuso zao Sista hakuziona. Kamera zao zilifungwa, naye hakuwashurutisha kuzifungua. Mgonjwa wa kitandani hana nguo ya kutokea mbele za watu, na nyumba yenye mgonjwa haipangwi kwa ajili ya wageni. Hilo alilijua na kuliheshimu. Basi alichofundisha alikifundisha mbele ya vyumba vidogo vyeusi vilivyopangika kwenye kioo, kila kimoja na jina lake.

Katika somo la kwanza alieleza kazi ya kitambaa chekundu. Alisema kuwa kitambaa kinaonyesha upande uliopooza, ili yeyote anayemgusa mgonjwa akione kabla hajanyoosha mkono. Siku hiyo mtandao ulikuwa ukienda na kurudi kama taa yenye waya uliolegea. Watu walipotea, wakarejea, wakapotea tena. Mwishoni, wote waliporejea, Sista aliuliza, "Tuko pamoja? Mmeelewa?" Madole gumba yakapanda, la Seremala likiwa la kwanza. Sista akashukuru, akaendelea.

Tangu siku hiyo dole la Seremala halikutanguliwa na la mtu mwingine. Somo la kugeuza mgonjwa, dole. Somo la kutandika shuka huku mgonjwa akiwa juu yake, dole. Somo la kumpa mgonjwa mkono wa kushikilia anapoinuliwa, dole tena. Sista alimsifu mbele ya wenzake: "Fundi anatuonyesha njia." Mumewe alijilaza pale kitandani akisikia sifa hizo, na siku moja somo lilipokwisha akalalamika kwamba yeye anapooza kwa ustadi mkubwa na hapati hata dole moja.

Kisha ikaja Jumatano ambayo Sista alikuwa akichambua mboga jikoni, simu ikalia kuashiria ujumbe wa sauti. Ulitoka kwa Seremala. Aliufungua huku mikono ikiwa imelowa, na mumewe akasogea kusikiliza.

"Sista, shikamoo. Samahani kwa usumbufu. Nilitaka kukuaga. Ijumaa nitaingia darasani kwa heshima yako, halafu basi. Mama hanitaki, Sista. Nikimsogelea tu anafumba macho, anageuzia uso ukutani. Nikimgusa machozi yanamtoka. Jana aliniuma mkono. Mama yangu mzazi, aliyenilisha. Nimeongea na dada, atakuja Jumamosi kumchukua. Kwake ni mbali, sijui nitamwona lini tena, lakini yeye ni mwanamke, labda mkono wake mama ataukubali. Mimi nimefanya kila kitu ulichosema, hatua kwa hatua. Wewe huna kosa lolote. Mkono wangu ndio mzito, umezoea mbao."

Ujumbe ukaisha. Kwa nyuma yake, kabla haujakatika, zilisikika nyundo za mtu mwingine karakanani.

"Huyu si ndiye yule wa dole la kwanza?" mumewe aliuliza.

"Ndiye."

"Sasa kama wa dole la kwanza mambo yake ni hayo, wale wa dole la mwisho wakoje?"

Alikuwa amekusudia mzaha, lakini Sista hakucheka. Alikausha mikono, akampigia Seremala. Alimuuliza kama mama ana homa, kama ana vidonda mgongoni, kama anakula. Majibu yote yalikuwa mazuri. Alimweleza kuwa kiharusi hubadili hata hasira ya mtu, na kwamba mgonjwa aliyezoea kuheshimiwa huona haya kuoshwa na mwanawe wa kiume. Seremala alikubali yote kwa unyenyekevu wa mtu aliyekwisha kuamua.

"Lakini kumshika unamshika kama nilivyofundisha?"

"Sawasawa kabisa, Sista. Kama kwenye picha."

Sista alikata simu akiwa na jambo linalomkereketa moyoni, asijue ni lipi. Alirudi kwenye mboga zake. Alifikiri juu ya yule mama ambaye hakupata kuuona uso wake, atakayepakiwa garini Jumamosi kama mzigo uliomshinda mwenyewe, na juu ya mtoto atakayebaki na kitanda kitupu akiamini kwamba mama yake alimchukia. Kama alikuwa amewafundisha, mbona mambo yameishia hapa?

Ijumaa ikafika. Somo lilikuwa la kumketisha mgonjwa ukingoni mwa kitanda. Sista alisalimia, akazima vipaza sauti vyote, akapita nyuma ya kitanda. "Tazameni mkono wangu unapopita," alianza. "Mkono mmoja nyuma ya kombe la bega. Mkono wake mzima naupa nafasi ya kunishika hapa, juu ya kiwiko. Sasa..."

Chumba cha Seremala kwenye kioo kikazungukwa na mstari wa kijani. Kipaza sauti chake kilikuwa kimefunguka, pengine kwa kuguswa na kidole wakati akiiegemeza simu. Ilisikika milio ya mbao za kitanda, pumzi za mwanamume anayejikaza, na mara moja, mguno wa mtu mwingine.

Kidole cha Sista kilikwenda chenyewe kwenye kitufe cha kuzima. Kilikuwa kimezoea. Lakini hakikubonyeza.

Miaka ya wodini ilimpa masikio ambayo hata kustaafu hakukuyaondoa. Alijua mguno wa mgonjwa aliyechoka, mrefu na usio na haraka. Alijua wa mgonjwa anayeogopa kuanguka, unaokuja na pumzi iliyozuiliwa. Na alijua ule wa bega linalovutwa wakati misuli ya kulishika imelala: mfupi, unaanza juu na kukatikia kooni. Huu ulikuwa huo.

"Fundi, acha," alisema. "Acha hapo hapo. Mrudishe mama kwenye mto, taratibu, halafu umwachie."

Ikaja sauti iliyojaa haya: "Sista? Kumbe nasikika? Samahani sana, nazima sasa hi..."

"Usizime! Nakuomba, usizime chochote. Mama amelala?"

"Amelala."

"Sasa nieleze kama unamweleza mtu kwenye simu asiye na kioo. Ulikuwa umeshika wapi?"

"Mkono, Sista."

"Kwani yeye hakukushika?"

"Hakushika. Kila siku hashiki. Basi ikabidi nishike mimi, nimvute."

"Mkono upi?"

"Huo huo wako. Wa upande wa ukutani. Kichwa cha mama kiko dirishani, miguu mlangoni, mimi niko nyuma ya kitanda. Wiki ile ya kwanza nilikigeuza kitanda kifanane na chako. Ilibidi nitoe kabati nje."

Mume wa Sista, aliyekuwa bado amepooza, aliinua kichwa.

"Na kitambaa umemfunga?" Sista aliuliza polepole.

"Nimemfunga. Chekundu, mkono wa kulia. Nilikikata kwenye shuka."

"Fundi, mama yako alipooza upande gani?"

"Wa kushoto."

Sista alikitazama kitambaa kwenye mkono wa kulia wa mumewe, kilichokuwa hapo somo baada ya somo. Akaona picha nzima kama mtu aliyesimama upande wa pili wa kioo. Fundi ni fundi. Akipewa kielelezo cha mguu wa meza, hauzidishi wala haupunguzi; anaunyoosha kama ulivyo, na kwa sababu hiyo watu humwamini. Mtu huyu alikuwa amemnakili mgonjwa wa darasani mpaka dirisha lake. Akaufunga kitambaa mkono mzima wa mama yake, akausaza kwa heshima zote, akauvuta ule uliokufa ganzi.

"Kazi ya kile kitambaa," Sista aliuliza, "wewe uliichukuliaje?"

"Nilidhani..." Seremala alianza. "Siku ile mtandao ulinitupa nje. Niliporudi nikakuta kimefungwa tayari. Nilidhani ni alama ya darasa. Kama sare, Sista. Ili tuwe sawa."

Mstari wa kijani ukaruka kwenye chumba kingine.

"Kijana, hauko peke yako," alisema Mzee wa Posta, sauti yake ikikwaruza. "Hata mimi mtandao ulinitupa siku ile. Mimi nilidhani ni kile cha kupimia presha. Nimekuwa nikimfunga mke wangu na kumfungua, na sijui nilikuwa napima nini."

"Mimi sikufunga kabisa," akaongeza Mkamwana kwa sauti ndogo. "Sikuwa na kitambaa chekundu hapa nyumbani. Nikaona aibu kusema."

"Na madole mlipandisha," alisema Sista.

"Uliuliza kama tumeelewa," Mzee wa Posta akajibu kwa unyoofu wote. "Sasa mtu unasemaje? Na wenzako wote wameelewa?"

Sista alikaa ukingoni mwa kitanda, karibu na miguu ya mumewe. Kwa muda hakuonekana vizuri kwenye kamera, na hakujali.

"Nisikilizeni," alisema. "Fundi hakukosea. Alifuata alichoonyeshwa, na alichoonyeshwa kilikuwa pungufu. Mimi nimewaonyesha mgonjwa mmoja kana kwamba dunia nzima imepooza upande mmoja. Tena mnajua kwa nini mume wangu analala kichwa dirishani kila siku? Akigeuka, jua linampiga machoni. Hiyo ndiyo sababu yote, hakuna nyingine. Na kwa kuwa niliwanyamazisha wote, mama yake fundi amekuwa akinisahihisha kila somo, nami nimemzimia kipaza sauti."

Hapo mumewe aliketi, akautwaa mto, akautupa upande wa mlango. Akajilaza upya, uso wake ukiwa ndani ya mwanga wa jua mpaka mikunjo yote ikaonekana.

"Funga kushoto," alisema huku amefumba macho. "Mimi nipo juani, msichelewe."

Sista alikihamisha kitambaa. Kisha akafanya jambo ambalo mafunzo yake hayakulitaja. Alifungua vipaza sauti vyote kwa pamoja. Zikaingia kelele: maji ya bomba kwa Mkamwana, saa ya ukutani kwa Mzee wa Posta, randa karakanani kwa Seremala. Mumewe alikunja uso, ila Sista aliziacha kelele zile zitulie zenyewe, kama alivyokuwa akisubiri wodi itulie baada ya zamu kubadilishana.

"Leo sitauliza kama mmeelewa," alisema. "Kila mtu atafute kitambaa. Rangi yoyote, hata soksi. Amfunge mgonjwa wake mkono uliopooza, kisha aniambie ameufunga upi na amejuaje. Baadaye atafanya huku anasema kila anachofanya, na mimi nitasikiliza tu. Kamera ziacheni zikiwa zimefungwa."

Mzee wa Posta ndiye aliyeanza. Alisema kama mtangazaji wa mpira, kila kiungo na jina lake, hadi sauti ya mwanamke ikamkatiza: "Polepole, wewe mzee! Mimi si gunia la barua." Mkamwana akacheka, akajiziba mdomo. Kisha ikawa zamu yake. Alikuwa amefunga soksi ya mtoto, ya kijani, naye alieleza kwa aibu mwanzoni, halafu kwa uhakika, na mara moja akasema, "Samahani, baba, nimekubana?" na sauti nzito ikajibu kwamba hapana, endelea, mwanangu. Sista aliwasikiliza akiwa amefumba macho. Aligundua kwamba kwa njia hii aliweza kuusikia uzito ukihama. Haukuwa sawa na kuwashika mikono, lakini ulisikika: pumzi ilibadilika pale mwili ulipokubali.

Seremala alibaki wa mwisho.

"Zunguka kitanda, fundi. Simama upande wa pili. Umekihamisha kitambaa?"

"Nimekihamisha."

"Mwekee mto chini ya mkono huo, usining'inie. Sasa, kabla hujamgusa, mwambie."

"Nimwambie nini, Sista? Mama haongei."

"Haongei. Anasikia."

Randa la karakanani lilikuwa limenyamaza. Pengine mfanyakazi mwenzake naye alikuwa ametega sikio. Seremala alikohoa.

"Mama," alisema. "Nilikuwa nakushika pabaya. Sikujua. Nilikuwa nafuata picha." Akaongeza, "Ulikuwa unaniambia kila siku. Nami nikadhani unanikataa."

"Mkono nyuma ya kombe la bega," Seremala akaanza. "Magoti nimeyakunja. Mkono wake mzima nauweka juu ya kiwiko changu. Sasa nasubiri." Mbao za kitanda zikalia. Pumzi moja ndefu, kisha ya pili, nyepesi zaidi, ya mtu mwingine. Mguno haukuja. Sista alisubiri, na haukuja.

"Amekaa," alisema Seremala. "Sista, amekaa. Na amenishika. Si kiwiko, shati. Amelikamata shati langu."

"Mwache alikamate," Sista alisema, akageuza uso kidogo kutoka kwenye kamera.

Kabla ya kuagana alimwagiza asiuvute tena mkono ule kwa sababu yoyote, na ampeleke mama kwa daktari aliangalie bega kabla ya safari yoyote. Neno hilo safari lilimtoka kwa shida. Dada yake Seremala alikuwa na tiketi mkononi, na bega lililovutwa majuma kadhaa halisahau kwa asubuhi moja. Wala Sista hakujua kama mama aliyeumizwa mara nyingi hivyo angeamini mara moja tu. Seremala alisema, "Nimekusikia, Sista," na chumba chake kikatoweka.

Mratibu alipiga simu mchana. Alikuwa amechungulia darasa kwa dakika chache kutoka ofisini.

"Sista, leo kulikuwa na kelele nyingi. Vipaza sauti vina tatizo? Nije nikusaidie?"

"Asante, baba. Leo ndiyo kwanza vimefanya kazi." Kisha akamweleza yote, taratibu, bila kuficha, na yule kijana alisikiliza mpaka mwisho. Alipokata simu alikuwa ameomba ruhusa ya kulisimulia jambo hilo kwa walimu wengine wa shirika.

Jumamosi Sista hakupiga simu kwa Seremala. Mara mbili aliishika simu, mara mbili akairudisha mezani. Ndugu wanapoamua juu ya mama yao, mwalimu hana kiti hapo. Mumewe alimwona akiyafuta makochi yaliyokwisha kufutwa, akampisha.

Jumanne aliingia darasani mapema kuliko kawaida. Chumba cha Mzee wa Posta kikatokea, kisha cha Mkamwana. Sista alisalimia, akauliza habari za wagonjwa, huku jicho lake likibaki pembeni mwa kioo. Cha Seremala kilipotokea, kilitokea na sauti ya mwanamke.

"Hapa ndipo unapobonyeza? Haloo? Shikamoo, Sista. Mimi ni dada yake huyu."

"Marahaba. Karibu." Sista alisogelea kioo. "Mmekwisha fika nyumbani?"

"Nyumbani wapi! Niko hapa hapa kwake. Sikufichi, Sista, nina hasira kidogo. Nimetoka mbali kumchukua mama, teksi iko nje inaunguruma, nguo zake nimezikunja. Naye amemshika huyu shati. Nikamwambia, mama, twende. Nikaanza kuvifungua vidole vyake kimoja kimoja. Nikifungua hiki, anafunga kile. Mkono mmoja tu alionao mzima, umenishinda mimi mwenye miwili!"

"Dada, punguza sauti, hili ni darasa," Seremala alisikika kwa nyuma.

"Mwache aseme," Sista alisema.

"Basi teksi ile ile ikatupeleka kwa daktari badala ya stendi. Bega limevimba, lakini halijateguka. Amesema lipumzike, na mkono usivutwe. Tiketi nimeirudisha. Nimebaki siku chache nione huyu anavyofanya, maana siku moja zamu yangu itafika, na sitaki mama aniume na mimi." Akaongeza kwa sauti ya chini zaidi, "Leo asubuhi alipomsogelea, mama ndiye aliyetangulia kunyoosha mkono. Nimeona kwa macho yangu."

Mzee wa Posta akasema hayo ndiyo mambo, na mke wake akauliza kutoka kitandani ni mambo gani, arudiwe, hakusikia. Mkamwana akaanza kumrudia. Saa ya ukutani iligonga. Kwa Seremala mtu alicheka, na haikujulikana ni nani.

Mume wa Sista alikuwa amevua viatu tayari. Alisimama kando ya kitanda, mto kwapani, kitambaa chekundu mkononi.

"Sista," aliuliza, "leo nimepooza upande gani?"

"Waulize wao."

Akainama mbele ya kopo la maziwa, akauliza. Wote wakajibu kwa mara moja, huyu kulia, yule kushoto, kila mmoja akimtaja mgonjwa wake, na kidole cha Sista hakikukikaribia kitufe.